Mtoto anaharisha, ORS anaitapika

Mama K, Mbagala: Habarini wazazi. Mwanangu wa mwaka mmoja anaharisha majimaji tangu jana. Homa hana. Nikimpa ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari inayokorogwa kwa maji, kwa kikombe anagida, kisha anatapika yote. Bibi yake anasema nimkatishe ziwa kwanza. Nifanyeje?

Muuguzi, Morogoro: Pole mama. Ziwa usimkatishe, mzidishie. Pakiti ya ORS ya lita 1 ikoroge kwa maji safi lita 1 kamili. Ukipunguza maji, chumvi inamzidi. Kikombe weka kando, mpe kijiko cha chai kimoja kila dakika 1 au 2. Akitapika ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Ikipita saa 24 mwaga, koroga nyingine. Na zinki miligramu 20 kila siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma.

Baba Wawili: Wangu alikataa kijiko. Tulitumia bomba la sindano, bila sindano yenyewe, tukawa tunadondoshea shavuni.

Muuguzi, Morogoro: Vizuri. Ila macho yakiingia ndani, choo kikiwa na damu, akilegea au akishindwa kunywa, usisubiri kukuche. Kituo cha afya usiku huohuo, njiani ukiendelea kumpa ORS.

Mama K, Mbagala: Asanteni sana. Kwa kijiko inakaa, na amekojoa. Naenda duka la dawa kufuata zinki.