Draiva za sauti: mstari mmoja umewanyamazisha wanafunzi wasioona, na waliopitisha hawakusikiliza

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nahudumia laptopu 9 kwenye kituo kimoja hapa Mwanza ambako vijana wasioona wanajifunza kompyuta. Zote zina Linux na kisoma skrini cha Orca. Kwa vijana hawa sauti ndiyo skrini. Spika ikinyamaza, kwao mashine imezimika, hata taa zote ziwe zinawaka.

Jumatatu iliyopita, saa mbili asubuhi, mwalimu akanipigia: "Fundi, mashine zote bubu." Usiku wa kuamkia siku hiyo zilikuwa zimepokea kerneli mpya, yaani kiini cha Linux ambamo draiva zote zimo. Nilipofika niliwakuta wamekaa mbele ya laptopu, mikono imetulia juu ya kibodi, wanasubiri. Ukichomeka hedifoni, sauti ipo. Ukichomoa, kimya. Na hedifoni pale kituoni ziko 2.

Nikarudisha kerneli ya zamani, somo likaendelea. Usiku nikaanza kumtafuta mchawi. Kati ya kerneli iliyokuwa inafanya kazi na hii mbovu kuna mamia ya mabadiliko, lakini git, programu inayotunza historia ya msimbo, inakuruhusu kugawa nusu kwa nusu ndani ya folda ya sauti peke yake, yakabaki 13. Nikakompaili (kuugeuza msimbo kuwa kerneli ya kuwasha) mara nne, nikabuti mara nne, kila mara zaidi ya saa nzima kwa mashine yangu ilivyozeeka. Nikampata. Mstari mmoja. MMOJA!

Kwa ambao hawajawahi kuingia humo: tangu Intel ilete HD Audio mwaka 2004, chipu ya sauti ina miguu ambayo kila mtengenezaji wa laptopu anaiunganisha anavyotaka. Huyu spika kaiweka mguu huu, yule kikuza sauti chake lazima kiwashwe kwanza. BIOS, programu ya mtengenezaji inayoanza kabla ya Linux, ndiyo inayopaswa kuiambia draiva ukweli, na mara nyingi inadanganya. Ndiyo maana ALSA, sehemu ya kerneli inayoshughulikia sauti, ina jedwali refu la vighairi: namba ya kampuni (HP ni 103c, Lenovo ni 17aa), namba ya modeli, kisha dawa yake. Laptopu yako haitoi sauti, unaongeza mstari wako mle, yanaisha. Kwako.

Sasa, namba hiyo si ya mashine moja tu kama watu wanavyodhani. Modeli mbili zinaweza kubeba namba ileile huku waya za ndani ni tofauti kabisa. Mtumaji wa kiraka, yaani badiliko lile la mstari mmoja, alikuwa na modeli moja. Mstari wake ukazikamata na zangu 9, ukazipa dawa ya ugonjwa ambao hazina.

Nimesoma mjadala wote wa kiraka kile. Mkaguzi alitaka nafasi moja iondolewe kabla ya mabano, na mstari uhamishwe ili namba zifuatane. Vikarekebishwa, kikapita. Hakuna aliyeuliza umejaribu mashine ngapi. Umechomoa hedifoni ukaona spika inarudi? Umerekodi kwa maiki? Umeilaza ukaiamsha? Mitambo inayopima viraka ilikompaili bila kosa hata moja, lakini kukompaili hakutoi sauti jamani! Kanuni za matoleo imara ya kerneli zimeandikwa wazi: kiraka kisizidi mistari 100, usahihi wake uonekane wazi, na kiwe kimejaribiwa. Hiyo ya mistari 100 ndiyo kila mtu anaikumbuka.

Mtumaji mwenyewe aliandika kwamba amejaribu: "nimeristati, sauti ipo." Hapa ndipo damu inanichemka. Kuristati siyo kujaribu! Ukiristati, umeme haukatiki kwenye chipu ya sauti, na thamani ulizoziandika kwa mkono jana zinaweza kuwa bado zimo. Najua kwa sababu niliwahi kuhangaika siku tatu na hda-verb, zana ya kuandika thamani moja kwa moja kwenye chipu ya sauti, nikaristati, spika ikalia vizuri, nikamkabidhi mteja mashine yake. Kesho yake asubuhi kaiwasha ikiwa imepoa, bubu. Tangu siku hiyo nazima kabisa, nachomoa chaji, nasubiri, ndipo nawasha. Na kama mashine ina Windows pembeni, naanza huko kisha narudi Linux, maana Windows nayo inaacha mambo yake kwenye chipu.

Nilituma ripoti kamili: matokeo ya alsa-info (zana inayokusanya taarifa za sauti za mashine) kutoka mashine mbili, mstari wenyewe, na jinsi ya kulirudia tatizo. Nilichojibiwa na mtumaji ni sentensi moja tu: "Kwangu mbona inalia."

Kwako inalia. Kuna binti pale kituoni alikuwa na mtihani wa kuchapa Jumatatu ileile. Alisubiri saa moja na nusu mbele ya mashine isiyosema naye.

Juzi nimetuma kiraka cha kuufanya mstari ule utambue namba iliyo kwenye kodeki yenyewe, yaani ile chipu ya sauti, badala ya ile namba ya jumla inayogongana. Mashine 9 zote nimezifungia kerneli ya zamani mpaka kijibiwe. Wakati huohuo, yeyote humu mwenye kiraka cha sauti anachotaka kutuma, aniletee kwanza. Nina laptopu za aina sita mezani. Nitazima, nitachomoa chaji, nitawasha, na nitasikiliza.