MREJESHO: Vitabu vitatu kwa mpigo, hatimaye vinasogea

Kamwene ndugu zangu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliomba ushauri: nilikuwa na riwaya ya vita vya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Wajerumani, diwani ya mashairi na hadithi ya watoto, na vyote vimekwama. Wengi mlisema niache viwili. Nilijaribu, roho ikakataa. Dada mmoja akanishauri nigawe aina ya kazi: kimoja nikiandike, kingine nikisahihishe, cha tatu nikisome tu kwa sauti. Hapo ndipo nilipopona.

Alfajiri ni ya riwaya. Baridi ya Iringa mnaijua. Naandika nimejifunika blanketi, vidole vimekufa ganzi. Sura ya Lugalo, pale Wahehe walipowavamia Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, ilinitesa wiki tatu. Zamani ningekimbilia mashairi. Safari hii nilikuwa naacha mstari mmoja chini ya ukurasa, "kesho: ndege wamenyamaza, askari hajajua kwa nini", nafunga daftari. Asubuhi naanzia hapo hapo. Jumamosi moja nikaenda makumbusho ya Kalenga, nikasimama mbele ya fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Sikuandika neno. Usiku zikaja kurasa nne.

Mashairi ni ya jioni, vina na mizani tu. Hadithi namsomea binti yangu. Kasema sungura anaongea mno. Ni kweli, nimepunguza nusu.

Riwaya iko sura ya tisa. Dada uliyenishauri, Mungu akubariki sana.