Kuongeza uwezo wa intaneti ya setilaiti: dishi la pili, dishi kubwa au setilaiti za chini?

Mpwani_Pate: Wakuu, salamu kutoka kisiwani Pate. Kituo chetu cha afya kina dishi moja la VSAT (kituo kidogo cha intaneti ya setilaiti) la mita 1.2, masafa ya Ku, yaani kama GHz 12. Asubuhi wauguzi wakituma ripoti huku daktari yuko kwenye simu ya video na Mombasa, kila kitu kinakwama. Kamati ina fedha za jambo moja tu. Wapo wanaotaka tufunge dishi la pili ubavuni mwa hili, lielekee setilaiti ileile, kasi iwe maradufu kama ruta za Wi-Fi zenye antena nne. Wengine wanataka dishi la mita 1.8. Wengine wanataka huduma ya setilaiti za chini, zile zinazozunguka karibu na dunia. Nisaidieni kupima.

FundiMawimbi: Mkuu, hilo la pili ubavuni usilinunue. Ruta ya Wi-Fi inafaidika na antena nyingi kwa sababu mawimbi yanagonga kuta, dari na makabati, kila antena inapata mchanganyiko wake, na ruta inaweza kutenganisha mikondo kadhaa ya data. Kati ya paa lenu na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hakuna ukuta wowote. Madishi mawili yaliyoachana mita mbili yanasikia kitu kilekile. Ukiyaunganisha kwa ustadi utapata nguvu maradufu, yaani desibeli 3, lakini mkondo utabaki mmoja.

Zuhura_RF: Naongeza hesabu, maana wazo lenyewe lina msingi. Ili mikondo miwili itengane vizuri, zidisha umbali kati ya antena za ardhini kwa umbali kati ya antena za angani. Jibu lifikie nusu ya urefu wa wimbi mara umbali wa setilaiti. Kwa GHz 12 wimbi lina sentimita 2.5, kwa hiyo unahitaji mita za mraba kama 450,000. Antena mbili kwenye setilaiti moja zikiachana mita 3, zako ziachane kilomita 150. Dishi la pili ungelifunga njiani kuelekea Malindi!

Zikiwa setilaiti mbili zilizoachana digrii 0.1 angani, ambazo ni kilomita 74 hivi, hapo madishi yako yanahitaji mita 6 tu, uani hapohapo. Watafiti wa chuo kikuu cha jeshi la Ujerumani, mjini Munich, wamelipima jambo hili kwa setilaiti halisi. Ila mtoa huduma lazima arushe masafa yaleyale kutoka setilaiti zote mbili na awe na mitambo ya kutenganisha mikondo. Kituo hakiwezi kulifanya peke yake.

Omari_Dishi: Antena nyingi zimeleta faida kubwa zaidi kule juu, kwenye setilaiti zenyewe. Setilaiti ya Ka-Sat, iliyorushwa mwaka 2010, ina miale 82, kila mmoja ukimulika eneo lake, na masafa yanarudiwa pale ambapo miale haigusani. ViaSat-1 ya mwaka 2011 ilifikisha gigabiti 140 kwa sekunde kwa njia hiyo. Hata dishi lako la sasa linaweza kubeba njia mbili, mawimbi yanayotikisika mlalo na yanayotikisika wima, kwenye masafa yaleyale.

Kuhusu mita 1.8: ni ongezeko la desibeli 3.5. Litakusaidia wakati wa masika, na modemu itapanda daraja la kasi. Lakini kama kifurushi chenu kimewekewa kikomo, hata ufunge la mita 3 kasi ni ileile. Soma mkataba kwanza.

Na kabla ya kununua chochote, fungua kiunganishi nyuma ya LNB, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi. Mimi kule Kipini nilikuta kutu ya kijani na maji ndani ya kebo. Nilikata sentimita 30, nikafunga kiunganishi kipya na kukizungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Kipimo cha ubora wa mawimbi kilitoka desibeli 7 hadi 11. Chumvi haina huruma.

Dada_Mtandao: Kwa simu ya daktari mimi naona huduma ya chini ndiyo jibu. Starlink ipo Kenya tangu Julai 2023, setilaiti zake ziko kama kilomita 550 juu. Kwenye setilaiti ya mbali, kwenda na kurudi ni nusu sekunde na zaidi, watu wanakatizana maneno. Ile antena bapa yenyewe ni mamia ya antena ndogo zinazogeuza mwale bila kusogea. Inataka anga wazi, na umeme piga hesabu ya betri.

VSAT msiitupe. Ruta yenye milango miwili itapeleka ripoti huku na simu kule. Simu moja haitaongezeka kasi, lakini hawatasongamana.

Mpwani_Pate: Asanteni sana. Nimetoka paani sasa hivi. Tepu ilikuwa imepasuka, na waya wa katikati umegeuka kijani kabisa. Kebo mpya inakuja na boti ya kesho kutoka Lamu. Nikishafunga naleta kipimo, pamoja na picha ya ule mnazi ulioinamia paa.