Wajukuu wa Kitangari

*Somoe 06:12*
Asalaam aleikum. Watoto wanatoka jandoni Jumamosi ijayo. Kila mtu 20,000. Wapiga ngoma wanataka kishika mkono LEO.

*Somoe 09:40*
Mmesoma 14. Kimya.

*Hamisi 09:58*
Pesa yote imeishia kwa vibarua wa kupulizia mikorosho. Subiri mnada wa Oktoba.

*Somoe 09:59*
Watoto wakae porini mpaka Oktoba, kaka Hamisi?

*Zuhura 10:03*
Watatoka na ndevu 😂

*Somoe 10:05*
Nataka midimu, wale wachezaji wa vinyago, wacheze kama enzi za babu. Mnamkumbuka yule wa miguu ya miti, anachungulia juu ya mapaa?

*Zuhura 10:07*
Usinikumbushe da Somoe. Nilijificha uvunguni kwa bibi, nikakojolea gunia la makopa. Bibi akatwanga vivyo hivyo.

*Hamisi 10:08*
Kumbe ule ugali 😭😭

*Bakari 10:15*
Kinyago cha babu kilikuwa cha mpingo?

*Hamisi 10:19*
Mpingo kichwani, uvunje shingo ya mtu? Ule mti mwepesi. Nywele za watu kabisa, anazigandisha kwa nta ya nyuki. Tukinyolewa anakuja na kopo kuzoa. Zangu zimo mle.

*Zuhura 10:21*
Babu angehamia Dar angekuwa Lilanga mwingine, yule mchongaji maarufu.

*Somoe 10:24*
Na kiko wapi sasa? Aliyekiuza kwa wazungu Mikindani yumo humu, anasoma.

*Bakari 10:24*
Tumeanza

*Hamisi 10:31*
Nilikiuza, ndiyo. Ada ya fomu wani ilikuwa ya nani, Somoe?

*Somoe 10:33*
🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Somoe 10:50*
Turudi kwenye mchango.

*Zuhura 10:52*
Ila mdimu mmoja mimi nilimjua kwa kidole gumba kilichopinda 😂 alikuwa mj

*Mjomba 11:30*
Wanangu. Mambo ya kinyago hayasemwi mbele ya wanawake na watoto, seuze kuandikwa. Zuhura, hukuona kidole. Uliona mdimu katoka makaburini. Nimemaliza.

*Zuhura 15:47*
Shikamoo mjomba. Nisamehe. Sikuona kitu.

*Somoe 16:02*
Shikamoo mjomba. Jamani, kishika mkono?

*Hamisi 16:40*
Nimetuma 5,000.

*Somoe 16:41*
Na 15,000?

*Hamisi 16:44*
Kata kwenye nywele zangu.

*Bakari 18:10*
Mimi nitaleta mchele. Kilo ngapi sijui bado

*Mwanahawa 21:36*
Ndiyo nafungua simu. Nani kafariki?