Arifa za vihisi vya mtandao: barua pepe, Telegram au SMS?

Mlinzi_wa_Rafu: Heshima kwenu wakuu. Nina ruta mbili, swichi 14, UPS (betri za akiba) tatu na vihisi viwili vya joto chumba cha seva. Natumia PRTG ya bure, programu ya kufuatilia mtandao, ile yenye kikomo cha vihisi 100 (kila kipimo kimoja inakiita kihisi), na arifa zinakuja kwa barua pepe. Ijumaa usiku umeme ulikatika. Asubuhi nikakuta barua 63, na ile ya maana, UPS kubakiza dakika nane, imezama katikati. Nihamie Telegram au ninunue modemu ya SMS?

FundiKebo: Telegram ni bure na timu nzima inaona. Ila ruta ya kutokea nje ikifa, taarifa ya kifo chake itapitia wapi? Modemu yenye laini ya simu ukiichomeka kwenye seva iliyo kwenye UPS, SMS itatoka hata intaneti ikiwa chini. Angalia salio tu. Langu liliisha wiki nzima nikawa nasifu mtandao umetulia.

Bi_Swichi: Mnabishana njia ya kutokea wakati ugonjwa uko ndani. Barua 63 ukizihamisha utapata SMS 63, tena za kulipia. Anza na utegemezi: swichi mama ikianguka, zilizo chini yake zinyamaze. PRTG inaweza, Zabbix, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, pia inaweza. Halafu tazama joto. ASHRAE, chama cha wahandisi wa vipoza hewa, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Ukiweka kizingiti 27 tupu, kihisi kikicheza 26.9, 27.1, 26.9 utakesha. Mimi nimeweka king'ora kilie 30, na kisitangaze kupona mpaka joto lishuke chini ya 27.

kijana_wa_noc: Na usitegemee trapu za SNMP peke yake, yaani taarifa ambazo kifaa hujitumia chenyewe kikipata tatizo. Zinatumwa kwa UDP, njia ya kutuma data bila risiti, bandari 162. Pakiti ikipotea njiani UPS haijui na wewe hujui. Acha seva iulize yenyewe kila dakika, trapu ziwe nyongeza.

FundiKebo: @Bi_Swichi hapo nimekubali.

Nahodha77: Mie nilikimbilia Zabbix kwa sababu vihisi 100 ni vichache. Swichi ya milango 24 ukifuatilia kila mlango, 24 vimeshakwenda. Zabbix haina kikomo hicho, ila kuisanidi kunataka moyo. Kilichonifurahisha ni kupandisha arifa ngazi: inamfuata mwenye zamu kwanza, asipokiri kwamba ameiona ndani ya dakika 15, inakwenda kwa mkubwa wake. Zamani tulikuwa na kundi la Telegram la watu sita, UPS ikalia saa nane usiku, kila mmoja akadhani mwenzake ameshaamka.

Mlinzi_wa_Rafu: Nimeweka utegemezi jana, nikachomoa waya wa swichi mama makusudi. Arifa mbili tu! Nimeamua UPS na ruta ziende kwa SMS, zilizobaki Telegram, barua pepe ibaki kumbukumbu. PRTG siihami, nitafuta vihisi vya milango isiyo na kitu.

Nahodha77: Safi. Na zamu mmepangaje?

Mlinzi_wa_Rafu: Mkuu, mwenye zamu ni mimi, na mkubwa wake ni mimi.