Ruhusa ya wazazi kurekodi darasani: fomu moja ya mwaka au fomu kwa kila tukio?

Chaki_Nyeupe: Walimu wenzangu wa Kenya, nina Gredi ya 3. Kwa hizi kazi za mtaala wa umilisi (CBC) simu haitulii, kila wiki ni picha na video za watoto. Mwalimu mkuu anataka wazazi watie saini Januari, basi. Naibu wake anataka fomu kila tunaporekodi. Kwenu mnafanyaje?

NyanyaShaba: Ya Januari ni nafuu kuchapisha, lakini huwa imeandikwa "kwa shughuli zozote za shule". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na wa kuthibitisha kuwa ilitolewa ni shule, si mzazi. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hesabuni hiyo ni karo ya watoto wangapi.

MamaWawili: Mimi ni mzazi. Fomu za kila tukio zinachosha, mwishowe natia saini bila kusoma. Lakini mbaya kuliko zote ni ile ya grupu la WhatsApp: "asiyetaka aseme." Nani atajitokeza mbele ya wazazi wote aonekane mjuaji? Tukinyamaza mnasema tumekubali.

Kasuku_wa_Nakuru: Sisi tulichanganya. Fomu ni moja kwa mwaka, ila ina visanduku vinne: matumizi ya darasani, grupu la wazazi, ukurasa wa Facebook, mabango ya matangazo. Kila kimoja kina Ndiyo na La yake. Viwili vya kwanza karibu wote hukubali. Kwa Facebook ndipo wanapogawanyika. Wakija watu wa televisheni, au mwanachuo wa mazoezi akitaka kurekodi somo, hiyo ni fomu mpya. Na iwe kwa Kiswahili, wengine wanalelewa na nyanya zao.

Chaki_Nyeupe: Na mtoto ambaye mzazi wake amekataa arekodiwe? Sitaki atolewe nje kama mwenye deni la karo.

Kasuku_wa_Nakuru: Hatolewi. Kamera ikae nyuma ya darasa, au upige mikono na kazi yenyewe. Majina ya waliokataa yabaki kwa mwalimu, yasibandikwe ukutani.

NyanyaShaba: Na picha zikishatumika zifutwe kwenye simu ya mwalimu! Hapo ndipo shule nyingi zinalala. Simu ikiibwa matatuni, darasa zima limeenda nayo.

MamaWawili: Wekeni pia mstari wa kuondoa idhini, sheria inaruhusu wakati wowote. Namjua mama aliyetengana na mume mkorofi, hataki ijulikane mtoto anasoma wapi. Januari hayo hayakuwepo.

Chaki_Nyeupe: Hilo sikuwa nimeliwaza. Kasuku, nitumie nakala inbox, ukifuta jina la shule. Mwalimu mkuu nitamwonyesha ile faini kwanza, visanduku baadaye.