Mjadala: Mfiwa anayejaribu kuurudisha wakati kwa siri, aachwe au azuiwe?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: mtu aliyefiwa, mwenye ujuzi wa ufundi, akijifungia na kufanya majaribio ya kurudi nyuma katika wakati ili amuwahi marehemu wake, huku akichanganya mitambo na uganga, je, jamaa na majirani wamwache au wamzuie? Wapo wanaosema kwamba jambo hilo ni kufuru na lizimwe tangu mwanzo, na wapo wanaosema kwamba msiba ni wa mwenyewe. Naona pande zote mbili zimeliacha lililo kubwa, nalo ni ile siri.

Kwetu Pemba hili si la kufikirika tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama mkondoni, nje ya Nungwi, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na wengi hawakuonekana tena. Aliyezika ana kaburi la kuombea dua; asiyepata hata nguo hubaki na "lau ningemzuia asipande". Namjua fundi redio mmoja aliyempoteza mwanawe namna hiyo. Nyuma ya kibanda chake alizungusha waya wa shaba kwenye pipa, akauunganisha na betri za gari, na pembeni akaweka chetezo cha ubani na sahani ya kombe iliyoandikwa kwa zafarani. Mganga alimwambia kuwa mtambo ule utamfikisha kwenye saa ya kabla meli haijang'oa nanga, ila asimwambie mtu, maana siri ikitoka dawa huharibika. Alilipa, akalipa tena, hadi akauza mikarafuu aliyorithi. Mkewe alijua siku mnunuzi alipokuja na wachumaji wake.

Tumtazame sasa Ronald Mallett wa Marekani. Baba yake, fundi wa televisheni, alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 33, na mtoto, aliyekuwa na miaka 10, akaazimia kuunda chombo cha kumrudisha kwa baba yake. Aliificha nia hiyo kwa miaka mingi, hata alipokuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa kuchelea kuonekana amerukwa na akili. Mwaka 2000, hata hivyo, alichapisha hesabu zake kuhusu mwanga wa leza unaozunguka, akitegemea nadharia ya Einstein ya mvutano. Wataalamu wenzake wakazipekua na kuonyesha kwamba kwa nguvu za leza tulizonazo jambo hilo haliwezekani. Isitoshe, Mallett mwenyewe anakiri kwamba chombo cha aina hiyo, hata kikifanya kazi, hakimpeleki mtu nyuma ya siku kilipowashwa mara ya kwanza. Mwaka 1955 haufikiki.

Neno hilo moja lingemtosha fundi wetu, kwa kuwa pipa lake liliundwa baada ya meli kuzama. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu mtu pekee aliyeujua mtambo ule, yaani yule mganga, alikuwa akila fedha zake.

Wanaotaka lipigwe marufuku nawaheshimu, na kadari naiamini kama wao, lakini marufuku itawafanya wafiwa wajifiche zaidi, na humo mafichoni ndimo anamowasubiri mganga. Nao wanaosema tumwache wakumbuke kwamba mikarafuu ile ilikuwa riziki ya nyumba nzima. Rai yangu ni kwamba mfiwa aachiwe pipa lake na waya wake, jamaa wasimkimbie arobaini ikishapita, mwalimu wa fizikia wa skuli ya jirani aombwe aje autazame mtambo bila kumcheka, na mganga yeyote anayetoza fedha kwa sharti la siri afikishwe kwa sheha, na ikibidi polisi.

Asiyekubaliana nami anieleze: ni tiba gani ya kweli inayoharibika mke wa mgonjwa akiijua?